Kiti cha Nyuma

Jumamosi, saa moja kasoro robo, Verlin anapaka mnyororo mafuta
kwa mswaki wangu. Wa zamani, anasema. Si wa zamani.
Biblia ndogo ameitia katika mfuko wa mkate isilowe,
nasi tukifungua Zaburi, chembe hudondoka mapajani.

Tunashuka kuufuata Misisipi, upande wa Wiskonsini,
tukipita maghala ya mahindi, ng'ombe wenye madoa,
harufu ya majani yaliyokatwa jana,
na kiwanda cha jibini ambacho lazima tusimame,
maana jibini la asubuhi hulia kati ya meno
na yeye hucheka kila mara, kana kwamba ni mara ya kwanza.

Miaka thelathini na mmoja nimekaa nyuma yake.
Koti lile nalijua kuliko uso:
mshono uliofumuka begani, doa la lami,
na mvi chache zinazochungulia chini ya helmeti
kama watoto walioambiwa walale.
Injini haituachii maneno, basi tuna lugha yetu.
Pigo moja pajani: nipo.
Mawili: simama.
Matatu: haja ndogo, na usijifanye huelewi.

Musa aliomba auone uso.
Akafichwa katika ufa wa mwamba, akaonyeshwa mgongo.
Darasani, tukijiandaa kwa kipaimara, nilimwonea huruma.
Siku hizi naona alipewa kingi.
Mgongo unakukinga na upepo na wadudu.
Mgongo unainama kabla ya kona, nawe unainama nao,
ingawa kila mfupa unakushauri ukae wima.
Mwaka wa kwanza niliusikiliza mfupa.
Kovu lipo hapa, gotini.

Lakini nisijifanye mhubiri.
Tulipomzika dada yangu Marit
nilipiga mawili, nikapiga mawili tena,
nikapiga mpaka kiganja kikafa ganzi,
na aliyekuwa mbele hakupunguza mwendo.
Sijapata jibu la hilo. Nilibaki kitini, basi.
Huenda ni imani. Huenda nilikuwa mbali mno na nyumbani nisiweze kushuka.

Usiku, hoteli ya barabarani, mvua juu ya bati,
soksi zetu zikikaukia kwenye kivuli cha taa.
Ameshindwa kufungua kifungo cha shati.
Nimekifungua. Hatukusema kitu.

Jumapili, kanisa la mbao kilimani,
Walutheri kumi na wanne na kinanda kilichokosa sauti mbili.
Mzee wa kanisa anatazama buti zetu
kama mtu anayehesabu matope.
Mahubiri nimeyasahau. Ninachokumbuka ni kikombe:
mkono wa kushoto wa Verlin, ule ulioanza kutetemeka mwaka jana,
na mchungaji, binti mdogo mwenye mafua,
akisema, Damu ya Kristo, iliyomwagika kwa ajili yako,
nayo ikamwagika kweli, kidevuni, juu ya koti.
Hakuifuta. Aliuzungushia mkono ule mikono yake yote miwili
akangoja
mpaka mume wangu akanywa.

Nje, kwenye kokoto, alisimama kitambo akiitazama klachi.
Kisha akanipa ufunguo. Bila hotuba.
Leseni ninayo, niliipata kwa ubishi tu, zamani,
ila sikuwahi kubeba mtu.

Mtu mzito nyuma yako ni kitu kingine kabisa.
Kila pumzi yake inageuza usukani.
Sikujua kwamba wa mbele naye haoni uso,
kwamba miaka yote ile aliendesha akinihisi tu,
akingoja nimwambie kwamba bado sijaanguka.

Kona ya kwanza, juu ya mto, niliinama.
Akainama.
Nikasikia kiganja pajani, kikitetemeka,
hata sikuweza kuhesabu
kama ni pigo moja, au mawili, au mengi.

Nililichukua kuwa moja.