Kombe la Ukutani

Jiwe lilipopasuka
kombe zima likatoka,
jeupe, halijachoka
kwa kulala humo ndani.

Famau kalipangusa
kwa shati, akaligusa,
akanena: "Sasa, sasa!
Ya Nuhu haya, jamani!"

Jumba letu la urithi,
ukuta wake thuluthi
umeanguka: hadithi
ya nyumba za Mkomani.

Mawe tuliagizia
Manda; punda wakanyea
njia nzima, wakalia
hadi kwetu mlangoni.

Mchonga mawe Odera
akawasha na sigara:
"Kwetu, bibi kwa hasira
alizamisha ziwani

kijiji kilichomnyima
ugali, usiku mzima;
na leo ukiinama
jogoo wawika chini."

Hapo ndipo akashuka
ngazi, miwani kaweka,
mwalimu wa kutajika,
dada yangu Sikudhani.

Kaa mkononi, kaja
akasema: "Hoja, hoja!
Tuanze basi na moja:
maji ni kiasi gani?

Kufika Kilimanjaro,
kwa hesabu, si kwa kero,
— angalieni mchoro —
bahari mbili hewani,

mbali na hii tunayo.
Wingu lipi libebayo
uzito kama wa hayo
lisianguke njiani?

Kisha yakishatuama
yaende wapi kuhama?
Nchi yote imezama,
yamwagikie shimoni?

Barafu ikiyeyuka
yote, bahari hufika
mita, nilivyoandika
hapa, karibu sabini.

Lamu yote itakwenda,
na Malindi, hata Manda;
Nairobi watapanda
sukuma wiki shambani."

Famau akanyamaza.
Kombe akaligeuza,
kisha akatuuliza:
"Basi hili lafanyani

ndani ya jiwe? Na jiwe
nchi kavu litolewe,
futi kumi. Nielewe:
lilipandaje ngazini?"

Dada kaliweka kaa.
"Hapo, fundi, umefaa.
Bahari ilishakaa
juu ya Manda zamani,

miaka laki na kitu
kabla ya mtu wa kwetu
kujenga; na jiwe letu
likiishi baharini.

Wadudu, wadogo hao,
walijenga nyumba zao;
sisi twakata makao
yetu mwao kaburini.

Hakuna lililopanda:
kombe lilikaa Manda,
bahari ndiyo ikenda
hatua hatua, chini.

Futi ishirini nzima,
si kilele cha mlima.
Lakini aliyezama,
ulimwengu u kooni."

"Na Kitabu?" kauliza,
sauti akaikaza.
Dada: "Hakikueleza
kina kwa pima ya nani.

Kilisema na kaumu;
hesabu si yake zamu.
Mimi napima, na hamu
ya kuswali i moyoni."

Odera akatupia
kipisi, akatwambia:
"Visima vyetu vyalia
chumvi sasa, ni kwa nini?"

Hapana aliyejibu.
Kaa li pale karibu,
na dada, wa kuhesabu,
katazama sakafuni.

Tukaendelea kazi,
Famau kwenye kiunzi;
kombe kaliacha wazi
bila chokaa usoni.

Hesabu zile za kaa
zilimezwa na chokaa;
sabini imekataa,
yajitokeza rangini.

Somoe, mwana wa dada,
kila jioni, kwa muda,
hutega sikio, ada
ya mtoto, hapo kombeni.

Namwuliza: "Yasikika
bahari?" Ananicheka:
"La, huenda atawika
yule jogoo wa chini."