Mkate wa Leo

Gari la baba lilikuwa la mikate.
Ubavuni bado limeandikwa MKATE WA LEO
kwa herufi za bluu, ile O ya mwisho imeliwa na kutu.
Mimi na Mihayo tuling'oa rafu za upande mmoja,
tukaweka godoro, jiko la gesi, ndoo, chandarua.
Za upande wa pili tuliziacha:
lenzi zangu zikalala zilipokuwa zikilala boflo.
Harufu ya hamira imekataa kuhama.
Mihayo anasema ni bodi.
Mimi nasema ni yeye.

Tulitoka Tabora kungali giza,
tukalikuta bwawa la Igombe lina rangi ya bati.
Picha ya kwanza: korongo kwa mguu mmoja,
anajitazama majini
kama fundi asiyeamini kipimo chake.

Mwezi wa kumi. Mvua bado ni maneno tu,
lakini miyombo haingoji kuambiwa;
majani machanga yametoka mekundu,
mengine shaba, mengine asali ya juzi,
kilomita kwa kilomita,
na chini yake jivu jeusi la moto wa kiangazi.
"Simama," namwambia Mihayo. Anasimama.
"Simama tena." Anasimama, anatazama geji ya mafuta.
Hata tunaingia Urambo nimemsimamisha mara kumi na tisa
na injini imeanza kunijibu yenyewe.

Urambo nilikuwa napiga bani la tumbaku,
ukuta wake umelamba moshi hadi kwenye paa,
nikasikia nyuma yangu: "Naomba miwili."
Mtoto, noti ya elfu mbili imekunjwa kama dawa.
Nyuma yake dada yake. Nyuma ya dada, mwenye bodaboda.
Walikuwa wamelisoma gari.
"Hatuuzi," Mihayo akasema. "Tunapiga picha."
Mtoto akazitazama rafu, akanitazama mimi,
akaificha noti yake upya.

Kaliua, foleni.
Kazilambwa, foleni, na mbuzi.
Ukizitazama leo picha zangu za miji ile,
kila moja ina mtu pembeni ameshika hela.

Sagara tuliifikia kwa kuikosa mara mbili.
Ziwa lile halina mlango: nyasi, nyasi zaidi,
mafunjo, kisha unagundua miguu imelowa.
Nilipiga ishirini na sita. Zote ni nyasi.

Nguruka ndiko baba alikogeuzia, kila Alhamisi.
Kibarazani mama mmoja aliinua kichwa toka kwenye cherehani,
akalitazama gari, si sisi.
"Amekuja?"

Mihayo alizima injini.
Hakuna aliyesema neno, na yule mama
akainamisha kichwa, akakata uzi kwa meno.

Jina lake Kalunde. Alifungua kopo la vifungo,
akachambua noti kutoka kati ya vifungo,
akahesabu, akakosea, akahesabu tena.
"Mikate mitatu. Mwaka niliojifungua pacha.
Alisema nitalipa nikishona."
Tukamwambia deni la zamani hilo, mama, na bei ya zamani.
"Bei ya leo," akasema.
"Si gari lenu limeandika leo?"

Kamera ilikuwa shingoni mwangu. Ilibaki shingoni.

Malagarasi tulivuka hatuongei.
Uvinza, chumvi imerundikwa meupe kando ya njia,
Mihayo akapunguza mwendo bila kuambiwa,
nami nikamwashiria: twende.

Kigoma tuliegesha juu ya Kibirizi, mgongo wa gari ukielekea ziwani.
Kwa zile hela tulinunua mikate mitatu,
zikabaki za migebuka wawili wa kukaanga.
Tukafungua milango ya nyuma.
Jua lilikuwa linashukia Kongo,
na mwanga wake ukapanda kutoka majini, ukaingia ndani,
ukajipanga kwenye rafu tupu, moja baada ya moja,
kahawia juu, mweupe ubavuni,
kana kwamba umetolewa tanuri sasa hivi.

"Umeipiga?" Mihayo akauliza, mdomo umejaa.

Nilikuwa nimeshika mkate.