Kimo cha Mlailaki

Tulipouza shamba la Dauphin ulijua, Vasyl,
hata kabla wino haujakauka,
kwamba Winnipeg haitatupa zaidi ya kibaraza
na kipande cha udongo upana wa mikeka miwili.
Ulikitazama ukacheka kicheko cha mtu aliyelima ngano
hadi upeo wa macho, akageuza trekta, akarudi.
"Orysia," ukasema, "hapa hata kivuli changu hakienei."

Ukaenda duka la miche na futikamba mfukoni.
Ukarudi na mlailaki wa aina fupi,
matawi saba ndani ya kopo jeusi,
na kibandiko: *Hauzidi mita moja na nusu.
Hustahimili baridi. Hauhitaji kupogolewa sana.*
Ulikisoma kwa sauti, kama mshenga anayesifu bidhaa yake,
kisha ukaninong'oneza, "Hauna makuu. Kama wewe."
Nikakurushia glavu.

Uliupanda chini ya dirisha la jikoni,
usije ukaziba kituo cha basi,
maana unajua napenda kuona nani anashuka na nani.

Mwaka wa kwanza, majani tu.
Wa pili, sungura waliutafuna juu ya theluji
ukabaki kama brashi ya kupakia rangi.
Wa tatu
suruali zako zilianza kukukimbia kiunoni.
Daktari alihesabu kwa miezi.
Wewe ulihesabu kwa sentimita:
kila Jumapili baada ya kanisa, rula ya mbao,
sitini na mbili, sitini na nne,
penseli kwenye fremu ya dirisha,
na mimi nikilalamika kuhusu rangi mpya.

Juni ile nilikusukuma nje kwenye kiti cha magurudumu.
Mtu wa futi sita na inchi mbili,
uliyeinamia kila kitu maisha yako yote,
milango, ndama, watoto, mimi,
na sasa vishada vya zambarau vikakufika puani
bila wewe kuinama hata kidogo.
Ulifumba macho. Hukusema neno.
Nyuki alikutembelea sikioni, ukamwacha.

Alama ya mwisho ni tisini na moja.
Mti umeshaipita. Sijapima tena,
rula nimeirudisha kwenye droo ya vijiko.

Ila jana, Agosti ikiisha,
ulichanua mara ya pili,
vishada vitatu tu, bila kuombwa.
Nikafungua dirisha nivute harufu.
Basi likasimama, likaondoka, sikuona nani ameshuka.
Vitunguu vikaungua.