Inamisi

Usiniambie imekufa. Mfu hakohoi.
Iwashe tena, Lusajo. Kiki moja tu, usipige resi,
iache ijieleze yenyewe.

Tu-tu-tu-tu, kimya, tu-tu,
kimya,
tu.
Umesikia? Hapo inakanyaga hewa,
kama mtu anayeshuka ngazi gizani
akidhani imebaki moja.

Honda ya mwaka themanini na sita,
tangi jekundu lililopauka hadi rangi ya ubuyu uliolambwa,
namba za serikali zimepakwa rangi
lakini bado zinasomeka jua likizipiga ubavuni.
Baba yako aliipanda akikagua visima na vyoo,
bwana afya wa Utete,
na matope ya Rufiji bado yamo humu, chini ya betri,
magumu kama kigae.

Unanihesabia mafundi.
Wa Buguruni alibadili plagi.
Wa Tabata alibadili plagi.
Wa Kigogo aliosha kabureta, akapoteza skrubu, akabadili plagi.
Zote tatu zimo mfukoni mwako, unazichezesha kama kete.
Lete nizione.
Hii nyeusi kwa masizi. Hii imelowa.
Hii ina rangi ya kahawa, safi, nzima:
ilifukuzwa kazi kwa kuonewa.

Inaanza lini, ikiwa baridi au ikishachemka?
“Mvua.”
Mvua gani?
“Hata manyunyu, fundi.”
Ukikata kona je, kushoto au kulia?
Ukanyamaza. Ukashika usukani usiokuwepo,
ukaizungusha mikono mitupu katikati ya gereji,
macho umefumba.
“Kushoto. Kila siku, pale kona ya Veta.”

Kidawa, mwanafunzi wangu, akasema kikulacho ki nguoni mwako.
Nikamwambia methali haifungui nati, lete spana namba kumi.

Tapeti: wembe ulipita kwa kusita, kama inavyopasa.
Kabureta: chembe mbili za mchanga, hazina hatia.
Koili imekaza. Kofia ya plagi imekaza.
Tukarudisha kila kitu, tukawasha,
tu-tu, kimya, tu.
Saa moja ikapita na nusu yake,
upepo ukatuletea harufu ya machinjio ya Vingunguti,
na mimi nilikuwa nalimung'unya lile neno
ambalo fundi hulitema wa mwisho: sijui.

Ndipo umeme ukakatika.
Mtaa mzima ukaguta aaaah! kwa sauti moja.
Kidawa akatafuta simu apate mwanga,
nikamshika mkono. Acha.
Injini ilikuwa bado inakohoa gizani.
Nikausukuma usukani kushoto, polepole.

Chini ya tangi, pale waya wa plagi unapoegemea fremu,
uzi wa buluu, mwembamba kuliko ukope,
ukaruka.
Tik.
Ukaruka tena.
Na kila ulipokiangukia chuma, injini ilikosa pumzi.

Moto ulikuwepo siku zote, Lusajo.
Ulikuwa unashukia njiani.

Hatukusema kitu. Tuliinama watatu,
tukiutazama ubovu wenyewe ulivyo mzuri.
Kisha wewe, taratibu, kama anayekiri wizi:
“Baba alifunga kitu hapo. Mpira wa tyubu ya baiskeli.
Niliukata siku nilipoiosha.
Nilidhani ni uchafu.”

Waya mpya upo Gerezani, kesho, ukiwahi.
Usiku huu nimekata kipande cha tyubu kwa kisu,
nikauzungushia mara saba, kwa vidole, bila taa,
palepale kidonda cha rangi kilipoonyesha
kwamba mkono mwingine uliwahi kufika.

Tu-tu-tu-tu-tu-tu-tu-tu.

Umebaki umeinama, sikio ubavuni mwa tangi,
unakisubiri kimya kile.
Hakiji. Nyanyuka.
Elfu tano,
na ile plagi ya kahawa irudishe kazini.