Funga Mawese Vizuri, Mwavita

Umeniuliza ubebe nini.
Anza na sweta.
Najua, Nizwa ni jua linalokaanga hata kivuli,
lakini darasani wameiteka baridi ya Mbeya
wakaifungia madirisha.
Wiki ya kwanza niliandika kemia meno yakigongana,
nje nyuzi arobaini na tatu.

Sweta, basi. Na nakala.
Cheti cha kuzaliwa nakala sita,
tafsiri yenye mhuri wa bluu, mweusi wanaukataa,
picha nyuma yake nyeupe, masikio yaonekane.
Watakutoa damu, watakupiga picha ya kifua,
ndipo wakupe kadi; na bila kadi huna laini,
huna benki, huna jina.
Mimi nilikaa siku kumi na tisa bila jina.

Maji.
Septemba, bomba la baridi hutoa moto,
kwa kuwa tangi liko juu ya paa, linapikwa mchana kutwa.
Usipige ukunga kama nilivyopiga mimi.
Zima hita, acha usiku upite,
asubuhi fungua bomba la moto:
humo ndimo baridi ilimojificha.
Hili halimo katika kijitabu walichotutumia.
Nilionyeshwa na Raiya wa Salala, jirani wa kitanda,
kwa vidole tu, maana Kiarabu changu,

ah, Kiarabu changu!
Miaka yote ile ya chuoni kwa Maalimu Kiza
nikadhani nimebeba lugha.
Dukani nikaomba mkate kwa irabu zote, hadi ya mwisho.
Muuzaji, Mbangali wa watu, akainamisha kichwa,
akaitikia, "Amina."
Na utakapotajiwa jina la ile kofia yao ya nakshi,
usicheke. Meza mate, tazama chini.
Sisi neno hilo hatulitamki mbele ya mama,
wao wanalivaa kichwani kwenda msikitini.

Sasa mawese.
Mama alinifungia chupa mbili, akazivisha soksi.
Moja ikavuja, sijui juu ya nchi gani,
na cheti changu kikafika rangi ya machungwa
kuanzia tarehe mpaka jina la baba.
Dirisha la nne, Bi Thuraya alikishika kwa ncha za vidole.
Akakinusa.
Akakinusa tena.
"Mawese," alisema, wala hakuuliza,
kisha, kwa Kiswahili chenye kutu, cha kwetu kabisa:
"Nani anakupikia maharage huku?"
Mama yake alizaliwa Ujiji.
Yeye hajawahi kufika; harufu ameirithi tu,
kama wengine wanavyorithi kiwanja.

Cheti alikikataa.
Sheria ni sheria, mwanangu, leta kingine.
Nikalia chooni, nikanawa, nikampigia Mjomba Hamadi.
Kilipofika kipya, safi, kisicho na harufu ya mtu yeyote,
ndipo nikampelekea nusu ya chupa iliyobaki,
baada ya mhuri, isije ikaitwa rushwa.

Mengine utayaona.
Kwamba wiki huanza Jumapili.
Kwamba baisa ni pesa ileile, imepanda ndege tu,
na mia moja yake ni chai ya maziwa yenye iliki,
inayonyweka hata siku ya kufeli mtihani.
Kwamba Ijumaa alasiri bweni hunyamaza,
wenyeji wamekwenda kwao na mabegi ya nguo chafu,
nawe unasikia friji ikihema.
Saa hiyo usipige simu nyumbani. Fua kwanza.
Ukipiga na sauti hiyo, mama hatalala.

Huku tuko mbele yenu saa moja.
Ni kidogo, lakini hutosha
mimi kuwa nimeshaamka na hofu yangu
kabla yenu hamjaota yenu.

Nitumie tarehe ya ndege.
Usiku wa kuamkia siku hiyo
nitazima hita.