Usingizi wa Mchana

Sikudhani hurudi saa mbili asubuhi,
viatu mkononi, harufu ya spiriti vidoleni,
hospitali imemnywa usiku kucha.
Hujitupa kitandani, khanga usoni,
nami, hatua tatu kutoka mto wake,
nawasha mashine nichore nyumba za watu.

Mashine ile ilikuwa ikiunguruma
kama kinu cha kukoboa pale Buguruni.
Feni yake ndogo, jeuri,
mwili wa kiganja, sauti ya mnada.
Kila nikigeuza ukuta, kila nikiezeka paa,
inapandisha mori.
Hakulalamika. Alinunua pamba ya masikio.
Hilo ndilo lililoniuma.

Februari, Tabata, bati juu:
digrii thelathini na nne nje ya dirisha,
tisini na moja ndani ya kasha.
Nikaufungua ubavu kwa bisibisi.
Vumbi limelala kwenye mapezi kama blanketi la jela,
mende wawili wakavu,
na dawa ya joto juu ya prosesa
imepasuka kama ukoko wa juzi.

Nikaenda Mtaa wa Aggrey, ghorofa ya pili, kwa fundi Chande,
apelekaye feni sikioni kama mnunuzi wa nazi.
“Usinunue zenye taa,” alisema, “taa haipozi kitu.
Chukua pana. Pana haina haja ya kukimbia.”
Pesa ya ramani ya Kimara ikaishia hapo.
Nikarudi na feni mbili, pana kama sahani za pilau,
na mnara wa aluminiamu wenye mishipa ya shaba,
mzito kama nanasi la Kiwangwa.

Mengine hayakuwa ya dukani.
Kandambili iliyokatika ukanda nikaikata vipande vinane,
kimoja kila skrubu, feni isikanyage bati.
Chandarua kilichotoboka upande wa miguu
kikawa kichujio cha vumbi.
Hadidiski iliyokuwa ikikoroma nikaing’oa,
nikachomeka kidude chembamba kama biskuti,
kisichozunguka, kisichohema.
Dawa mpya: punje moja ya choroko, isizidi.
Chande alilisema hilo mara tatu.

Upepo nao una adabu zake:
uingie mbele, chini,
upite kifuani, utokee mgongoni,
usizungukezunguke ndani kama mgeni asiyejua kuaga.
Nyaya nikazisuka mistari mitatu, zisiuzibie njia.

Jumanne, saa nne, nikaiwasha.
Kimya.
Nikajua nimeunguza kitu.
Kumbe kitaa cha kijani kinawaka, kioo kinaamka.
Nikatega kiganja nyuma: pumzi ya vuguvugu,
kama ya mtu anayetaka kunong’ona.
Nikaezeka nyumba nzima ya Kimara, kigae kwa kigae,
digrii hamsini na nane.
Nikaibomoa, nikaiezeka tena kwa ubishi tu.
Hamsini na nane.

Ndipo nikaanza kusikia vya wengine:
friji ikimeza mate,
mita ya LUKU ikidai chake,
mama Nsajigwa ng’ambo ya ukuta akipepeta mchele,
na Sikudhani,
ambaye miaka minne ya ndoa sikujua
kwamba akivuta pumzi husita katikati,
kama anayehesabu matone ya dripu.

Mara akaketi. Khanga ikaanguka.
“Umeme umekatika?”
“Haujakatika.”
Akatazama kioo, nyumba ya watu imesimama.
Akatazama kasha.
Akatazama chini ya kitanda, kandambili moja, peke yake.
“Ya kushoto iko wapi?”

Kabla sijapata la kusema alishalala,
pamba zake mbili ziko juu ya stuli.
Nikashika kipanya, nikabofya.
Ta!
Lo. Kumbe na wewe.