Mlango wa Themanini

Kompyuta iko chini ya ngazi, kando ya gunia la viazi,
haina kioo, haina kibodi, taa moja tu ya kijani
na feni inayokohoa kila jiko likiwashwa.
Ndani yake nimeliweka daftari la mama:
siku ambazo ziwa Tamula liliganda,
siku ambazo barafu ilipasuka,
tangu mwaka sitini na moja, kwa penseli,
bila kuruka hata msimu aliozikwa baba.

Nikiwa mezani naandika nambari,
moja tisa mbili, nukta, moja sita nane,
na ukurasa unafunguka kama kopo la samaki.
Nikampigia Maimu, dada yangu, kule Toronto.
"Fungua," nikamwambia.
Nikamsikia akibonyeza. Nikalisikia friji lake.
"Hamna kitu, Endel. Kinazunguka tu."

Kumbe nambari ile ni jina la utani la nyumbani.
Ukivuka kizingiti hakuna akujuaye kwalo;
kila nyumba ya mtaa huu wa Võru
ina mtoto aitwaye hivyo hivyo.

Mjukuu wangu Tarvo alinieleza huku akitafuna mkate:
"Babu, ruta ni bawabu mkali.
Anayetoka humpisha, akirudi na jibu humtambua.
Lakini mgeni aliyekuja mwenyewe
ataachwa nje hata apige hodi mpaka alfajiri.
Mwambie bawabu: anayebisha mlango wa themanini,
mpeleke chini ya ngazi."

Nikamwambia bawabu, kwa kidole kimoja.
Nikahifadhi. Nikazima, nikawasha,
kama tulivyoifanyia mashine ya randa kiwandani
kila ilipokataa mbao.

"Kinazunguka tu," akasema Maimu.

Wiki tatu. Novemba ikaingia na tope lake.
Usiku mmoja nikaziweka anwani mbili sambamba,
ile anayoijua ruta na ile inayoonwa na dunia,
hazikufanana hata tarakimu ya kwanza.
Kampuni imetupa mtaa mzima anwani moja,
ghorofa lenye sanduku moja la barua:
za kutoka zinatoka,
ya kuingia, nani aseme ni ya nani?

Binti wa kampuni aliongea kama mwenye pipi mdomoni.
"Anwani yako peke yako ni yuro tatu kwa mwezi."
"Nimeishi nyumba hii miaka arobaini na nne," nikamjibu,
"nilidhani ninayo."
Akacheka. Akaniandikisha.
Nikanunua na jina, maana nambari nani ataishika?
Nikaiita tovuti Leida. Mama asingependa.

Mgeni wa kwanza hakuwa Maimu.
Saa saba usiku, daftari la wageni likaandika mtu asiye na jina,
kajaribu komeo saba, moja baada ya jingine,
kaulizia chumba cha msimamizi ambacho sina,
kaenda zake.
Roboti, alisema Tarvo, huwa zinapita kila nyumba.
Nami nilikuwa nimekaa kwenye ngazi na koti langu,
naona haya kusema
nilikaribia kuteleka chai.

Kisha, saa nane na dakika kumi na nne, mstari mwingine.
Alifungua sitini na moja.
Akafungua tisini na mbili, mwaka aliohama.
Akaifungua tena tisini na mbili.
Simu hakupiga.

Juzi nimekwenda ufukoni na kokoto mfukoni.
Nililirusha, likateleza likilia kama waya wa simu
mpaka upande wa pili.
Nikarudi, nikaandika tarehe.
Sijamaliza kuvua buti la pili
taa ya kijani ikapepesa.

Viazi vimeanza kuchipua kwa joto la mashine.
Nimevihamishia stoo.